Tairi la Mkwe Halibonyezwi

Mbinga, Jumapili alasiri

Longino mwanangu,

Nakuandikia mikono ikinuka mpira. Nimenawa kwa sabuni mara mbili, mara ya tatu nikasugua kwa majivu, na harufu bado ipo. Wewe uko huko kwa rafiki zako unaaga, mama yako amejinyoosha kidogo kupumzisha nyonga yake. Ukirudi najua utapitia bandani kuitazama pikipiki, kama unavyofanya kila jioni tangu uipake rangi. Utaikuta juu ya matofali, haina matairi. Usipige kelele kwamba tumeibiwa. Mwizi ni mimi, nimekaa hapa mezani. Soma kwanza, kisha uje tugombane.

Habari za kufua mashati, kusali na kuchagua marafiki mama yako ameshakupa, na atakurudia nazo kesho alfajiri kana kwamba hajawahi kuzisema. Mimi nina jambo moja tu, nalo linanitia kichefuchefu. Nimelibeba tangu ukiwa darasa la pili, na jana kwenye sherehe yako lilinipanda hadi kooni.

Uliwahi kuniuliza kwa nini baba yako, mtu aliyezoea viatu vya ngozi, anakwenda kanisani na makatambuga. Nilikujibu kwamba yanadumu. Ulinitazama kwa huruma ile ya mtoto anayejua baba yake anadanganya, ukaondoka. Wenzako walikuwa wanakucheka, najua. Makatambuga ya watu wengine yanatokana na tairi la gari, yana unyayo bapa, mtu anatembea vizuri. Yangu yametokana na tairi la nyuma la pikipiki ya mbio, ambalo ni la mviringo, kwa hiyo kila hatua mguu unataka kulala upande. Nimetembea hivyo miaka yote hii, nikiyumba kama mlevi kwenda kupokea komunyo. Nilijikatia mwenyewe, kwa kisu cha jikoni, na sasa nakueleza sababu.

Kabla ya soko huria nilikuwa mkaguzi wa kahawa wa chama cha ushirika. Hilo unalijua. Usilolijua ni jinsi nilivyojiona. Watu waliniita Bwana Jino, kwa sababu nilikuwa nachukua punje katika kila gunia na kuiuma. Punje iliyokauka hukatika kwa sauti. Iliyo mbichi hulala chini ya jino, na mwenye nayo nilimwambia palepale, mbele za watu, arudi nyumbani akaanike tena. Nilimrudisha mjane mmoja wa milimani na mzigo wake kichwani, mvua ikinyesha. Nilimkatalia mama yangu mzazi, bibi yako, akaniambia, "Jino hilo nililiotesha mimi." Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini kahawa yake sikuipokea. Nilidhani mimi ni mtu wa haki. Kumbe nilikuwa hodari kwa wale tu ambao sikuwaogopa.

Halafu milango ikafunguliwa. Mizani ya ushirika ikafungiwa ghalani, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, wakinunua kahawa mbichi, kahawa yenye mawe, kahawa iliyoota ukungu. Hakuna aliyeuma kitu. Na madukani ikawa vilevile. Sisi tuliokuwa tumepanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, sasa tuliona vitu vimejaa hadi barazani. Betri zilizokufa siku ya pili. Sabuni isiyotoa povu. Miavuli iliyogeuka ndani nje kwa upepo wa kwanza. Tulinunua, tukashukuru. Tulikuwa tumekosa vitu kwa muda mrefu mno, tukaona kuvikagua ni kukosa shukrani. Nikikumbuka tulivyokuwa tunatabasamu nataka kutema mate.

Mnunuzi mmoja kati ya hao alinichukua niwe wakala wake. Alikuja na pikipiki ile iliyoko bandani, nyekundu, imeshuka melini kutoka huko inakotengenezwa, kiti cha abiria kimeinuliwa juu kama makalio ya panzi. Ilitengenezwa kwa ajili ya lami, na hapa kwetu lami tulikuwa tunaisikia redioni. Msimu mmoja wa matope yetu ulimtosha. Akaniachia pikipiki akaondoka na lori, na mimi, mtu mzima mwenye mke na mtoto, nikawa naizungusha mjini Jumamosi nikitafuta watu wa kunitazama.

Tairi la nyuma lilikuwa limeisha, limebaki kipara. Hapo nilifanya kosa la kwanza, la majivuno. Fundi aliniambia nitafute tairi jembamba lenye meno, la kushika udongo, hata kama pikipiki itaonekana ya shamba. Mimi nikataka pana, laini, linalong'aa, kama lile ililokuja nalo. Na aliyeweza kuniagizia tairi la namna hiyo alikuwa mtu mmoja tu mjini, babu yako Betramu, baba wa mama yako.

Wewe unamkumbuka akiwa mzee wa kiti na rozari. Wakati ule alikuwa ameacha ukatekista wa kusoma masomo kanisani, amefungua duka la vipuri karibu na stendi, na duka lenyewe lilikuwa na mwezi mmoja tu. Aliniita nikapokee tairi langu kabla hajaanza kuuza mengine.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Limefika." Akalifungua karatasi, akaliweka mbele yangu juu ya kaunta. "Litazame."

"Naliona, Baba. Zuri."

"Litazame vizuri," akasema tena.

Nililitazama vizuri, Longino. Hiyo ndiyo habari yote. Tairi jipya lina vinywele, vile vijiti vidogo vya mpira vinavyochomoza toka kiwandani, na lile halikuwa na hata kimoja. Mifereji yake ilikuwa mirefu upande mmoja na mifupi upande mwingine, na pale chini nikaona mahali kisu cha moto kilipotetemeka mkononi mwa aliyechonga. Lilikuwa tairi kipara lililochongwa upya, likapakwa dawa ya viatu. Nililinusa dawa yenyewe. Ukucha wangu wa kidole gumba ulikuwa umeshainuka wenyewe, kwa mazoea ya kazi, ukabonyeze mpira kama jino linavyouma punje, maana mpira hai hupokea ukucha na mpira uliokufa huukataa.

Nikaurudisha ukucha mahali pake. Kwetu mkwe hakaguliwi. Akikupa ugali huulizi unga ulisagwa lini. Ukikutana naye njiani unampisha, na kitu chake unakipokea kwa mikono miwili. Sasa ukishapokea kwa mikono miwili, kidole cha kubonyezea kinatoka wapi?

"Zuri sana, Baba," nikasema. "Ahsante."

Akashusha pumzi ndefu. Nilidhani ni furaha ya mfanyabiashara.

Nyumbani mama yako alilizunguka mara moja tu. Akaniuliza, "Umelibonyeza?"

"La baba yako hilo."

"Baba ni baba," akasema, "tairi ni tairi."

Nikamwambia asimvunjie mzazi wake heshima. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, kwa sauti ya mtu mwema, nikijua ninachokijua. Wiki iliyofuata nikampakia nyuma tukashuka ziwani kwenda Ngumbo, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Wewe tulikuacha kwa shangazi. Mama yako alikuwa amevaa gauni la njano na kumkumbatia kuku wa zawadi aliyefungwa miguu. Kuna kona moja kwenye mteremko, ziwa linapoonekana kwa mara ya kwanza, na mama yako ana desturi ya kunigonga bega hapo ili tusimame atazame. Alinigonga bega. Nikashika breki.

Halikupasuka kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Lilichanika kimyakimya kwenye mstari wa kisu, kama kanga kuukuu, na pikipiki ikateleza chini yetu. Mimi nilichubuka kiwiko. Kiwiko tu. Mama yako aliangukia mawe ya kando ya barabara, na nyonga yake ikalia sauti ambayo mtu niliyezoea kusikiliza punje nisingeweza kuikosea. Kuku alitembea. Nilimwona akichakura barabarani, kamba iliyokatika ikining'inia mguuni, na hadi leo sili kuku wa sherehe, hata jana uliniona nimeusukuma ule mchuzi.

Wewe tulikuambia lilikuwa jiwe. Shangazi yako alikuambia, mimi nikathibitisha, na mama yako akaacha iwe hivyo. Kwa hiyo umekua ukilaani jiwe. Nakuomba radhi kwa hilo kabla ya mengine yote.

Babu yako alikuja hospitali siku ya tatu, ameshikwa mkono na mjomba wako Fidelisi. Akakaa kitandani kwa mama yako muda mrefu, kisha akaniomba tutoke nje, Fidelisi akimwongoza. Nililitegemea karipio. Yeye aliniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, wewe mkaguzi. Siku ile dukani, uliona nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilichoka. Nikamwambia, "Niliona limechongwa, Baba."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa heshima."

Akasema maneno ambayo nikiyakumbuka hata chakula hakishuki. "Mimi sioni, mwanangu. Macho yana utando mwaka wa pili sasa. Masomo ya Jumapili nilikuwa nayasema kwa kichwa, ndiyo maana niliacha. Nilisikia watu wakisema mjini kuna matairi ya uongo, nikaogopa nisije nikaua watoto wa watu. Nikasema nitampa kwanza mkwe wangu. Yule aliyemkatalia mama yake mzazi hatashindwa kuniambia mimi. Nilikwambia litazame. Nilikwambia mara mbili."

Unaelewa, Longino? Mzee alikuwa anaazima macho yangu, mimi nikampa adabu. Na aibu ya kukiri upofu mbele ya mkwe ilimzuia yeye, kama aibu ya kukagua ilivyonizuia mimi. Tulisimama pale dukani wawili, kila mmoja akimheshimu mwenzake, na kati yetu tairi bovu. Aliyelipa ni mtu wa tatu, aliyeuliza swali la maana akaambiwa hana heshima.

Alifunga duka mwezi uleule. Mimi nikachukua lile tairi nikalikata makatambuga. Sikuwa na toba nyingine, na padre aliponipa yake niliona ni ndogo mno. Babu yako alipofariki, mjomba wako alilifungua duka tena, na mengine unayajua.

Sasa tuje jana. Jana ndiyo inayonichefua zaidi, kwa sababu jana sikuwa kijana wala mgeni wa jambo hili.

Mjomba wako alisimama mbele ya wageni na matairi mawili yaliyofungwa utepe. Akasema mpwa wake haendi kuanza kazi ya ghala huko Makambako kama mtu asiye na wajomba. Wanawake wakapiga vigelegele. Ukainuka, ukapokea kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nakutazama vidole. Nilikiona kidole gumba chako kikitambaa kuelekea kwenye mpira. Kikasimama. Ukatazama chini, nikajua umeona kinachokosekana: vinywele. Kisha ukasema, "Ahsante sana, Mjomba," kwa sauti yangu. Sauti yangu ya dukani, ileile.

Na mimi nilipiga makofi.

Nilikuwa na makatambuga yale miguuni na nikapiga makofi. Watu walikuwa wanatazama, pombe ilikuwa nzuri, shemeji yangu alikuwa anatabasamu. Mama yako peke yake, pale kwenye kiti chake, hakupiga kigelegele. Alinitazama mimi, hakumtazama kaka yake. Usiku ule mliyafunga matairi wewe na wenzako kwa shangwe, mimi nikajifanya nimelala.

Leo baada ya misa ya kwanza, ulipokuwa umetoka, niliingia bandani na nondo mbili nikayang'oa. La mbele lilikuwa zima kiasi. La nyuma niliubonyeza mpira wake kwa ukucha, ukucha ukavunjika. Nikayavaa yote mawili begani kama mikoba ya mama wa parokia, nikapita nayo stendi mchana kweupe, nikiyumba na makatambuga yangu. Watu waliuliza, "Bwana Jino, unahama?" Nikawajibu ndiyo.

Mjomba wako nilimkuta mezani. Mkewe akanikaribisha chakula, nikakataa, ambalo nalo ni kosa, lakini leo nilikuwa nimeshaamua kukosea.

"Shemeji," nikasema, "tairi hili la nyuma limechongwa."

Hakuligusa wala kulitazama. Akaendelea kumenya ndizi. "Mbona hukuyasema haya jana mbele za watu?"

"Jana niliogopa."

"Na leo umekuja kunidharau nyumbani kwangu?"

"Nimekuja kukuambia limechongwa. Ulijua?"

Hapo akacheka, cheko la mtu anayemwonea mwenzake huruma kwa ushamba. "Shemeji, kijana anafika Songea kwanza, ndipo aende Makambako. Yatamfikisha. Pale kuna lami na maduka, atanunua mengine. Zawadi ni zawadi."

Yatamfikisha. Nililirudia neno hilo njia nzima. Babu yako hakuona, nilimsamehe kabla hajaniomba, ingawa hakuwa na deni kwangu. Huyu anaona. Alipiga hesabu ya mpwa wake, akaona mpaka Songea inatosha, akalifunga utepe. Nilitapika kando ya njia, Longino, nyuma ya kioski cha chumvi, mtu wa umri wangu. Na hata hapo sikuweza kumchukia yeye peke yake, kwa sababu nani alimfundisha kwamba katika ukoo huu hakuna atakayebonyeza? Alikuwa pale hospitali. Alinisikia nikisema "kwa heshima".

Kwa hiyo kesho utapanda basi. Mjomba wako hatakuja kukuaga, usimsubiri. Pikipiki itabaki juu ya matofali hadi utakapolipwa na kununua matairi yako mwenyewe, yote mawili kwa pamoja, ya nyuma na ya mbele yanayopatana, maana pikipiki ile ukiifunga la mbele la hivi na la nyuma la vile inakuwa kama mume na mke wasiosemeshana. Usichague kwa upana ili vijana wakusifu. Tazama vinywele, tazama kama mshale unaoonyesha tairi lizunguke upande gani haujasuguliwa, soma tarakimu za ubavuni zinazosema lilitengenezwa lini, kunja mpira kidogo uone kama una nyufa. Na mwenye duka akikuambia unamdharau, mwambie baba yako alikulea vibaya.

Kazi unayoiendea ni ya kupokea mahindi ya watu ghalani. Utamkuta mjane, utamkuta pia shemeji wa meneja. Kwa mjane utakuwa na ujasiri, usijisifu kwa hilo, kila mtu anao. Sisemi uache kushika shikamoo yako. Babu yako nilimheshimu hadi tunamzika, na ningemheshimu zaidi kama siku ile ningemwambia alichokihitaji. Nilimnyima.

Niliporudi kutoka kwa mjomba wako mama yako alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo yake. Aliona mabega yangu hayana kitu.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Kwa mdomo wangu."

Hakunipongeza. Aliniangalia miguu, akasema, "Basi yavue hayo sasa. Unanichosha kukutazama ukiyumba." Akaingia ndani, nikamsikia akivuta boksi chini ya kitanda. Viatu vyangu vya ngozi alikuwa anavipaka dawa kila mwaka, miaka yote hii, bila kuniambia. Vimesimama hapa mbele yangu ninapoandika. Kesho nitakusindikiza stendi navyo, na vitanibana.

Maneno niliyopaswa kumwambia babu yako yalikuwa matatu. Nimeyahesabu mara nyingi nikiwa shambani, nikiwa kanisani, nikimsaidia mama yako kuinuka. Yajaribu mdomoni mwako ndani ya basi, hata kama jirani atadhani umechanganyikiwa, usikie yalivyo mepesi: Baba, tairi bovu.

Mimi baba yako,
Bwana Jino